Jua Halikumuua Dracula

Ahsante, Bwana Mwenyekiti. Ndugu zangu, nilipokuwa nasubiri zamu yangu niliwauliza vijana hawa wa mstari wa mbele: Dracula, yule mfu mnyonya damu wa hadithini, anakufaje? Wote wakajibu: jua. Kila ninapokwenda nauliza, na kila ninapokwenda najibiwa jua. Basi nitarudia ninalolisema siku zote. Jua halikumuua Dracula. Katika kitabu cha Bram Stoker, kilichotoka London mwaka 1897, anauawa kwa visu viwili. Kimoja kinapita kooni, kingine kinazama moyoni, jua likiwa ndiyo kwanza linatua. Mwili unageuka vumbi. Hata kile kigingi cha mti mnachokisikia, yeye hakikumfika.

Sasa hilo la jua limetoka wapi? Limetoka Ujerumani.

Stoker alifariki mwaka 1912 akamwacha mjane wake, Florence, na kitabu hiki kikawa miongoni mwa vitu vichache vya kumwingizia riziki. Mwaka 1922 kampuni changa ya Kijerumani, Prana-Film, ikatoa filamu ya Nosferatu, mwongozaji F. W. Murnau. Dracula wamempa jina la Orlok. Mambo ya Uingereza wameyahamishia mji wa Ujerumani. Lakini hadithi ni ile ile, na wenyewe wameandika mwanzoni mwa filamu kwamba imetokana na kitabu cha Stoker! Ruhusa hawakuomba, na senti hawakulipa. Mjane akapata habari, akajiunga na chama cha waandishi cha Uingereza ili kimsimamie, wakashitaki. Kampuni ikafilisika. Utamkamua nani? Basi akadai filamu yenyewe iteketezwe, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe.

Wapo wanaomsema vibaya mama huyu, eti alitaka kuua kazi kubwa ya sanaa. Mimi simlaumu hata kidogo. Kazi ya marehemu mumewe imechukuliwa mchana kweupe, wachukuaji hawana cha kulipa, na watu wanapiga makofi. Kama kuna mtunzi humu ndani aliyewahi kusikia wimbo wake ukipigwa baa huku yeye hana nauli ya kurudi nyumbani, anielewe. Florence alidai haki yake, akapewa. Wanaomlaumu wangekuwa wajane wa Stoker wangefanya hivyo hivyo.

Ila nakala nyingine zilikuwa zimeshavuka mipaka, na zilipona. Ndani yake mna ile dakika. Mwanamke, mke wa kijana aliyetumwa kumuuzia Orlok nyumba, anajitoa. Anamwacha anyonye usiku kucha mpaka asahau saa. Jogoo anawika. Orlok anainua kichwa, anapita mbele ya dirisha, mwanga unamfika, mkono uko kifuani. Anafifia kama doa linalofuliwa. Pale aliposimama panabaki moshi kidogo sakafuni. Hilo halikuandikwa na Stoker popote. Limo katika filamu iliyoamriwa isiwepo, na ndilo linalojulikana na mtoto wa darasa la tatu leo.

Atatokea mtu aniambie: Mwalimu, jua au kisu, si amekufa? Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba Dracula wa kitabuni anatembea mchana! Someni shajara ya Mina, ile tarehe 22 Septemba. Mina na mumewe Jonathan wako Piccadilly, katikati ya London, watu wamejaa barabarani. Jonathan anamkamata mkewe mkono kwa nguvu hadi unamuuma. Mbele yao amesimama mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye masharubu meusi na ndevu zilizochongoka, anamkodolea macho msichana aliyekaa kwenye gari la farasi, kofia kubwa kichwani. Gari linaondoka, naye anaita gari lake anamfuata. Hakuna mpita njia mwingine aliyeshtuka. Huyo ndiye Dracula.

Na rudini nyuma, kwenye ngome yake. Jonathan ni wakili, ameitwa kukamilisha ununuzi wa nyumba. Anamkuta bwana mkubwa amejilaza kwenye kochi anasoma ratiba ya treni za Uingereza! Anajifunza lafudhi, kwa sababu hataki akifungua mdomo London mtu aseme, huyu mgeni. Anasafirisha masanduku 50 ya udongo wa kwao, anaolazimika kulala ndani yake, kwa hati halali za mizigo. Mwishoni, anapokimbia, anakwenda bandarini mwenyewe kutafuta meli, amevaa nguo nyeusi, na kofia ya majani makavu isiyomfaa wala kufaa majira. Stoker anatutisha kwa mtu aliyenunua nyumba jirani kwa njia zote za kisheria. Ukimfungia usiku tu, umeufuta woga wote wa kitabu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Joho lenye kola iliyosimama ni la jukwaani, mchezo wa Hamilton Deane wa mwaka 1924, na mwigizaji Bela Lugosi akalitia muhuri alipomcheza Dracula katika filamu ya 1931. Alipofariki mwaka 1956 alizikwa nalo. Kuhusu Vlad, yule mtawala wa kale wa Wallachia, Romania ya leo, ambaye watu humwita Dracula wa kweli, Stoker alichukua jina tu, kutoka kitabu alichokisoma Whitby, Uingereza, mwaka 1890. Transylvania, iliko ngome ya Dracula kitabuni, hakufika. Filamu ya Blacula ya mwaka 1972, ya mwanamfalme wa Kiafrika aliyekwenda kwa Dracula kupinga biashara ya watumwa, nilitaka kuizungumza kwa kirefu, haitawezekana.

La mwisho, na hili linaniudhi: tuache kumfasiri Dracula kuwa mumiani. Mumiani wa pwani yetu, na wazimamoto wa Nairobi na Kampala waliosimuliwa zama za ukoloni, ni watu walio hai. Wametumwa. Wana gari, wana mshahara, damu inakwenda kwa mwingine kufanywa dawa. Dracula ni mfu, na anakunywa mwenyewe. Bibi zetu walikuwa wanaogopa kitu kingine kabisa, nacho kinastahili mhadhara wake.

Piccadilly imo sura ya 13. Nakala mbili nimeziacha mezani pale mlangoni. Anayeazima aandike jina lake daftarini.