Mzee Anayesahau Hawezi Kukumbuka Onyo

Jambo kwenu nyote mlioko Bukavu, na jambo kwenu mnaonitazama kutoka Goma, Uvira na kwingineko. Leo sitawatembeza katika mitaa ya Liège, hapa Ubelgiji, kama mlivyozoea. Nimeketi jikoni kwangu, nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuwahudumia, na ninataka tuzungumze jambo moja tu: namna ya kumkinga na kuanguka mzee ambaye akili imeanza kumpungukia.

Nimelichagua kwa sababu ya mama yangu mkubwa. Anaishi Kadutu, huko Bukavu, katika nyumba iliyo chini ya njia, ambako mtu hushuka ngazi kumi na nne za udongo na mawe kabla ya kufika mlangoni, kisha nyingine tano ili kufika chooni. Ni miaka mitatu sasa tangu aanze kusahau. Majirani husema amerudia utoto. Madaktari huita hali hiyo demensia. Mwezi wa kumi na moja, usiku wa mvua, umeme ukiwa umekatika, aliamka kwenda chooni, akakanyaga pindo la kikwembe chake kwenye ngazi ya pili, akaanguka na kuvunjika mkono karibu na kiganja. Nilipopiga simu, kila mtu nyumbani alinijibu kwa maneno yale yale: "Tulimwambia asitoke peke yake usiku. Tulimwambia kila siku."

Ninaamini kwamba walimwambia. Lakini mtu ambaye hakumbuki kama amekula mchana hawezi kukumbuka saa nane za usiku kile alichoambiwa jioni. Tunamwonya kwa upendo, anaitikia "ndiyo, mwanangu", na sisi tunalala tukidhani kazi imekwisha, kumbe onyo lile limeshapotea kabla ya taa kuzimwa. Kazi yangu hapa imenifundisha kwamba kwa mzee wa namna hiyo, kinachopaswa kukumbuka ni nyumba yenyewe na ratiba ya wale wanaoishi naye.

Msidhani kuwa ni jambo dogo la uzeeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama Kongo yetu. Kati ya watu waliovuka miaka 65, karibu mmoja katika kila watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na wale wenye demensia huanguka takriban mara mbili zaidi. Anayevunjika nyonga katika umri huo yumo hatarini kweli: hata hapa Ulaya, penye wapasuaji na vitanda vya kutosha, si chini ya mmoja kati ya watano hufariki kabla mwaka haujaisha.

Kwa nini akili inayosahau imwangushe mtu ambaye miguu yake bado ina nguvu? Swali hili lilinisumbua nilipoanza kazi. Sisi wenye afya tunatembea bila kufikiri, tunashuka mteremko wa Kadutu huku tukipiga simu na kubeba mfuko wa samaki wa sambaza mkononi. Ubongo unapoanza kuchakaa, kutembea kunageuka kuwa kazi inayohitaji fikra, na fikra zenyewe hazitoshi kwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walichapisha katika jarida la Lancet jaribio rahisi mno: walitembea na wazee 58, wakaanza kuongea nao njiani, wakatazama ni nani atakayesimama ili aweze kujibu. Waliosimama walikuwa 12, na katika miezi sita iliyofuata 10 kati yao walianguka.

Sasa lifikirieni jaribio hilo katika mtaa wetu. Bukavu hatumpiti mzee kimya. Huo ni utovu wa adabu. Mama mkubwa anashuka ngazi, kijana anatokea nyuma yake akiharakisha, na kwa heshima zote anaita kwa sauti, "Jambo, mama! Umeamkaje?" Mama anataka kuitikia, anageuza kichwa kumtafuta anayemwamkia, na mguu uliokuwa hewani unakosa mahali pa kutua. Heshima ile ile tuliyofundishwa inaweza kumwangusha. Simaanishi kwamba tuache kuamkia wazee, Mungu apishe mbali. Ninachoomba ni kwamba mngoje afike mahali tambarare, mpite mbele yake akuoneni, ndipo mseme jambo. Na anayemshika mkono kwenye ngazi asimweleze habari za harusi ya juzi wakiwa bado wanashuka. Kule ngazini aambiwe maneno machache tu: "mguu huu", "sasa huu".

Nije kwenye choo, ambacho kwa maoni yangu ni nusu ya shida yote. Katika nyumba ninakofanya kazi, wakazi wengi wanaoanguka usiku wamekutwa njiani kwenda chooni au kurudi kutoka huko. Mzee hatoki kitandani kwa ukaidi. Anabanwa na mkojo, anaamka gizani, hajui yuko wapi, na anaharakisha kwa sababu anaona aibu kujilowesha. Ndiyo maana hatungoji aamke. Tunampeleka kabla ya kulala, tunapita tena katikati ya usiku kwa saa inayolingana na mazoea yake, na tunampeleka tena alfajiri. Nilimwomba mjukuu wa mama mkubwa aandike kwenye daftari, kwa siku saba, saa ambazo bibi yake huamka. Ikaonekana kwamba ni karibu saa nne za usiku na karibu saa tisa, bila kubadilika sana. Tukaweka ndoo yenye mfuniko na kiti imara kilichotobolewa katikati, hatua mbili kutoka kitandani, ili asihitaji kuzikaribia ngazi tano zile hadi kupambazuke. Kaka yangu aliona haya kidogo, kwamba mama awekewe ndoo chumbani kama mgonjwa. Nikamuuliza kama hatua mbili si bora kuliko plasta ya wiki sita.

Mlangoni tulitundika kengele ndogo, ile ya kufunga mbuzi shingoni. Hapa Liège tunatumia mikeka inayopiga kelele mzee anapoikanyaga, lakini kengele ya mbuzi inafanya kazi ile ile na haingoji umeme. Jambo hilo lina manufaa mengine ambayo sitayaficha. Katika jimbo letu mnajua jinsi watu wanavyosema pale mama mzee anapokutwa usiku wa manane mlangoni kwa jirani, akiwa nusu uchi na akisema maneno yasiyoeleweka. Mara nyingi mama huyo alikuwa anatafuta choo tu, akapotea. Nyumba inayosikia kengele inamwahi kabla majirani hawajaanza kunong'ona juu ya ulozi.

Ndani ya nyumba, tazameni sakafu kwa macho yake. Demensia hubadilisha hata namna ya kuona: mkeka mweusi juu ya simenti unaweza kuonekana kama shimo, akaunyanyulia mguu juu mno, simenti iliyong'arishwa kwa nta inaweza kuonekana kama maji. Uondoeni mkeka, na nta muiache. Zile bidoni za maji ambazo sote tunazipanga ukumbini tukiogopa bomba litakauka zihamishiwe upande ambao yeye hapiti kamwe. Ukingo wa kila ngazi upakwe chokaa nyeupe, na taa ndogo ya sola iwake kuanzia kitandani hadi kwenye ndoo, usiku kucha. Kikwembe cha kulalia kiishie juu ya vifundo vya miguu, na kandambili zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino. Kama macho yana mtoto wa jicho, yapelekwe hospitali. Hakuna taa itakayosaidia jicho lililofunikwa.

Nimefikia dawa, na hapa nitasema bila kuzungukazunguka. Kabla ya kuanguka, mama mkubwa alikuwa amenunuliwa vidonge vya usingizi katika duka moja la dawa, bila karatasi ya daktari, kwa sababu usiku alikuwa hatulii. Vilikuwa diazepam. Kwa mtu mzee dawa hiyo hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo kidonge cha leo kinajumlishwa na cha jana na cha juzi, na anayeamka kwenda chooni ni mtu aliye nusu amelewa. Prometazini, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya kujikuna au mafua, nayo huleta usingizi na kuvuruga akili zaidi. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, na amitriptilini, dawa ya sonona, huongeza hatari kwa njia zao. Lakini msizikatishe ghafla kwa sababu mmenisikia mimi: anayemeza diazepam kila siku kwa muda mrefu akiiacha mara moja anaweza kupata degedege. Kusanyeni dawa zote katika mfuko mmoja, hata zile za kienyeji, mkaziweke mezani mbele ya daktari na mumwulize kila moja inafanya nini na ipi inaweza kupunguzwa.

Mwombeni pia apime tansiyo, yaani shinikizo la damu, katika hali mbili: mzee akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, basi kila anaposimama damu inachelewa kufika kichwani, na hasa kwa wale wanaomeza dawa za tansiyo au za kukojoza. Nyumbani aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikigusa sakafu, achezeshe vifundo, anywe maji kidogo, ndipo asimame. Kitanda kikiwa juu mno nyayo hazifiki chini. Kaka yangu alichukua msumeno akakata miguu ya kitanda cha mama kwa upana wa kiganja.

Kuna walioniandikia wakiuliza kama si afadhali kumfunga mzee kwenye kiti kwa kitenge ili atulie watu wakiwa sokoni. Ninaelewa uchovu unaoleta swali hilo, kwa maana anayeuliza kwa kawaida ni binti mmoja anayebeba mzigo wa ukoo mzima. Hata hivyo, msimfunge. Aliyefungwa hupigana na kamba, huanguka pamoja na kiti chake, na miguu isiyotumika hupoteza nguvu ndani ya siku chache, hata akifunguliwa awe dhaifu kuliko alivyokuwa. Anayesimama-simama ana sababu: njaa, maumivu, mkojo, au upweke. Mpeni mboga za lenga-lenga achambue, akae karibu na watu. Na kila asubuhi asimame na kuketi mara kumi kutoka kwenye kiti imara, mtu akiwa kando yake, kisha watembee pamoja uwanjani. Mazoezi yanawafaa hata wenye demensia ya mwanzo na ya kati, na kama anahitaji mtaalamu wa viungo, kuna kituo cha Heri Kwetu kinachojulikana na kila mkaazi wa Bukavu.

Mzee aliyekuwa akitembea vizuri akianza kuanguka ghafla, au akivurugikiwa zaidi ndani ya siku moja au mbili, msiseme ni demensia imezidi. Tafuteni malaria, tafuteni maambukizi ya mkojo, mwangalie kama anakunywa maji. Kwa wazee homa inaweza isionekane kabisa. Huenda kuanguka ndiko dalili ya kwanza.

Na akishaanguka, msimvute kwa mikono kumwinua, ingawa ndivyo sote tunavyofanya kwa hofu. Mwacheni alale kwanza, mtazame. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, nyonga inaweza kuwa imevunjika: asisimamishwe, na asipelekwe kukandwa na mganga wa mifupa; abebwe juu ya ubao hadi hospitali. Kama haumwi popote, mgeuzeni ubavu, apige magoti akishika kiti, ajiinue mwenyewe polepole huku mkimshikilia kiunoni. Kama amegonga kichwa, hesabuni majuma na si saa tu, kwa maana damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu. Mzee anayeanza kusinzia mchana, kuumwa kichwa au kuburuta mguu wiki tatu baada ya kuanguka anahitaji kupigwa skana, na wengine hupasuliwa wakarudi walivyokuwa.

Jana jioni kaka yangu alinitumia picha. Amesimika miti ya mianzi kando ya zile ngazi kumi na nne, akafunga mwanzi mmoja mrefu juu yake kama mshikio, na kuulainisha kwa kisu pale mkono unapopita. Mama mkubwa amesimama kwenye ngazi ya tatu, mkono wenye afya juu ya mwanzi, akimtazama mpiga picha kama mtu asiyemjua. Mjukuu anasema kwamba saa nne za usiku zikifika sasa bibi anaamka mwenyewe kabla hajaguswa, anaketi ukingoni mwa kitanda, na anangoja.