Miguu Iliwashinda, Mgongo Hawakuukosea

Mabibi na mabwana, karibuni. Tazameni picha hii ukutani. Aliichora Mfaransa Théodore Géricault mwaka 1821, na leo imo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris: mbio za farasi za Epsom, Uingereza. Angalieni miguu. Ya mbele imenyooka mbele kabisa, ya nyuma imenyooka nyuma. Farasi hawa wanaelea. Ulaya nzima ilichora hivyo, na wateja walilipa bila kunung'unika.

Mwaka 1878, Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia, akampiga picha farasi jike akienda shoti. Kwato zote nne huwa hewani, ndiyo, lakini ni pale miguu inapokunjwa chini ya tumbo. Kwa kipimo cha kamera, Géricault amekosea. Mimi bado namchukua yeye: picha za Muybridge ni sahihi, ila farasi wake ameganda.

Hapo ndipo wengi wanapofungia mjadala, na wanamsahau aliyeko mgongoni.

Angalieni michoro ya zamani ya kuruka viunzi na ua. Mpanda farasi amelalia nyuma, miguu ameitupa mbele. Kijana anayeruka viunzi leo atacheka, aseme mchoraji hakujua kitu. Alijua! Watu walipanda hivyo hasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo ofisa wa Kiitalia, Federico Caprilli, alipoeneza mtindo wa kuinama mbele ili mgongo wa farasi uwe huru. Na yule joki, mpanda farasi wa mbio, aliyejikunja shingoni mwa farasi, vikuku vya kukanyagia vimefupishwa, Uingereza ilimzoea baada ya joki Mmarekani Tod Sloan kufika huko miaka ya 1890. Kwa hiyo ukiona picha haina tarehe, acha kwato, tazama makalio ya mpandaji yako wapi.

Nanyi mnaochora, anzeni hapo hapo. Kwenye mashindano ya madaha (dressage), ambapo farasi huonyesha hatua zilizopimwa, sikio, bega, nyonga na kisigino hukaa mstari mmoja. Ukiuvunja mstari huo, hata farasi awe mzuri vipi, mtu wako ataonekana gunia. Kisha fuateni kiwiko, hatamu, hadi lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi. Mchoraji Mfaransa Degas aliyapenda mambo haya. Majoki wake wengi hawakimbii hata kidogo, wanangoja kuanza, migongo imelegea, farasi hawatulii.

La mwisho, mchoraji Mwingereza George Stubbs. Mwaka 1799, Newmarket, farasi Hambletonian alishinda kwa taabu, amechapwa na kuchomwa kwa spara, vyuma vya kisigino cha mpandaji. Mwenye farasi, Sir Henry Vane-Tempest, akaagiza picha ya ushindi. Stubbs akamchora farasi baada ya mbio, amechoka, yuko na saisi wake na mtunzaji mwingine. Joki hayumo kabisa. Bwana akagoma kulipa. Stubbs akampeleka mahakamani, akashinda.

Haya, maswali.