Kiota Kikibaki Kitupu

Jambo yenu nyote. Wazee wangu wavuvi mliokaa mbele, asanteni kwa kuacha nyavu zenu zikikauka na kuja kutusikiliza. Najua usiku wa leo mnarudi ziwani. Walimu wenzangu, wanafunzi, mama zetu, karibuni.

Nianze na jina, maana kwenye jina ndipo tunapovutana kila mara. Ndege wa leo, kwa Kifaransa anaitwa balbuzard pêcheur. Kwa Kiswahili tuna furukombe, tuna koho, tuna kwazi, na kamusi moja inampa huyu jina ambalo kamusi nyingine inampa yule. Leo tukubaliane hivi. Kwazi ni yule mwenye kichwa na kifua cheupe pe, tumbo la rangi ya udongo mwekundu, anayelia mpaka ng'ambo ya ghuba wakamsikia. Huyo ni mwenyeji, anataga hapa hapa Afrika. Furukombe ana umbo jembamba zaidi, mgongo wa kahawia iliyokolea, tumbo jeupe, na mstari mweusi unaopita kwenye jicho hadi shingoni. Yeye ni mgeni. Anafika mvua zinapoanza, mwezi wa tisa au wa kumi, na anatuacha mnamo mwezi wa tatu. Kwetu hatagi. Kwa miaka mingi nilimwona juu ya Ziwa Kivu nikamhesabu kuwa ndege wa kupita, wala sikujiuliza huko anakokwenda anaishi na nani.

Mwaka 2019 ndipo nilipomwona kwake. Binti yangu aliniletea simu: kiota kikubwa cha matawi juu ya nguzo, maji nyuma yake, na ndege aliyelala juu ya mayai huku upepo ukimpekua manyoya. Akaniambia, "Baba, hii si filamu. Ni sasa hivi." Nilikaa chini. Mega zilipokwisha nilituma mtoto akanunue nyingine.

Kiota hicho, chenye kamera inayorusha picha moja kwa moja mtandaoni, kiko Manton Bay, kwenye ziwa la Rutland Water, katikati ya Uingereza. Ziwa lenyewe ni bwawa lililojengwa na watu. Furukombe walikuwa wametoweka huko muda mrefu, ndipo kuanzia 1996 vifaranga wakaletwa kutoka Uskoti wakalelewa pale ili wakikua wapaone kuwa ndipo kwao. Kifaranga wa kwanza kuzaliwa kando ya ziwa hilo alipatikana 2001. Jike wa kiota nilichokifuata anaitwa Maya. Hana pete ya mguuni, ile ya kumtambulisha. Dume wake hana jina, ana namba: 33(11), maana yake pete yake imeandikwa 33 na alivishwa mwaka 2011. Hawa wawili wamelea pamoja tangu 2015.

Lakini mwanzo wao haukuwa mzuri, na sitaki kuwaficha. Mwaka 2014 Maya alikuwa na dume mwingine na alikwisha kutaga. Dume yule akapotea. Akaja huyu 33, kijana wa miaka mitatu, akayasukuma mayai nje ya kiota, kwa kuwa hayakuwa yake. Watu waliokuwa wakitazama waliumia sana. Mwaka uliofuata dume huyo huyo akawa baba anayeleta samaki tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Mimi nilikuwa nimeshampenda kabla ya kuisoma habari hii, na nilipoisoma nilikaa siku kadhaa sifungui kamera. Kisha nikarudi. Ndege ana maisha yake, hana deni kwangu.

Mwaka 2019 walilea vifaranga wanne. Kwa kawaida furukombe hutaga mayai matatu. Sasa nieleze jinsi msimu unavyokwenda, na mniwie radhi nikikawia mahali.

Wanarudi kiotani mwezi wa tatu, kila mmoja peke yake. Hawasafiri pamoja, hawaishi pamoja huku Afrika. Kinachowakutanisha ni kiota. Wa kwanza akifika anakaa juu ya matawi anamngoja mwenzake, na wewe unangoja naye. Mwezi wa nne mayai yanatagwa, moja kila baada ya siku mbili au tatu. Kisha ni kuatamia, kama siku 37. Hapo wengi huacha kutazama, kwa sababu hakuna kinachotokea. Mimi nawaambia hapo ndipo pa kutazama. Utamwona mama akikunja makucha yake yale makali yawe ngumi kabla ya kukanyaga karibu na mayai. Utamwona anayageuza kwa mdomo, taratibu, ili joto lifike kila upande. Mvua inanyesha, mvua ya kule yenye baridi, naye hatikisiki. Maji yanamchuruzika mgongoni. Dume anakuja na samaki, jike anaondoka kwenda kula kwenye mti, dume analala juu ya mayai mpaka arudi. Hakuna anayemwamuru mwenzake.

Samaki mwenyewe mara nyingi anafika bila kichwa. Dume amekula kichwa kwanza, ndiyo sehemu yake. Nyama yote iliyobaki ni ya nyumbani. Wanafunzi wangu walisema ni mchoyo. Niliwaomba wahesabu: vifaranga wakishakua kidogo, anahitaji kuleta samaki wanne, watano, hata sita kwa siku, na kila mmoja anamtafuta kwa kujitupa majini, miguu mbele. Bila kile kichwa cha samaki angeanguka.

Wazee, ninyi mtapenda mguu wake. Nyayo zake zimejaa vijiba vikali, na kidole kimoja cha nje kinaweza kugeuka nyuma, hivyo anamshika samaki vidole viwili mbele, viwili nyuma. Kisha anamgeuza samaki kichwa kielekee mbele, ili asikinzane na upepo. Mkimwona ndege juu ya ziwa amebeba samaki hivyo, mjue ndiye.

Mayai hayaanguliwi siku moja. Wa kwanza anamtangulia wa mwisho kwa siku kadhaa, na kwa kifaranga siku mbili ni pengo kubwa. Samaki wakiwa haba, mdogo anasukumwa pembeni, na mara nyingi anakufa mbele ya macho yako. Ndiyo maana wale wanne walinishangaza. Mama alikuwa anachana vipande vidogo, anainamisha kichwa, anamfikia kila mmoja. Nilikuwa natazama yule wa nne tu. Usiku wa saa mbili hapa Bukavu, umeme umekatika mtaa mzima, sisi nyumbani tumezunguka simu moja. Na kule jua bado linawaka, maana mwezi wa sita kwao jua linazama saa zetu nne na nusu za usiku. Tumekaa gizani tunatazama mchana wa watu wengine. Dume anatua na samaki wa jioni. Mke wangu anauliza, "Yule mdogo amepata?" Akipata, tunazima simu tunalala.

Wakifika wiki ya saba au ya nane wanaanza kupiga mbawa juu ya kiota, wanainuka kidogo, wanashuka, mpaka siku moja mmoja anaachia. Anarudi, maana bado analishwa. Kisha mama anaondoka, kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza, mnamo mwezi wa nane. Baba anabaki analeta samaki mpaka vifaranga nao waondoke, mmoja mmoja. Na hapa kuna jambo ambalo bado linanishinda kulieleza darasani: kila kifaranga anasafiri peke yake. Hana mzazi mbele wala ndugu pembeni. Kutoka Uingereza mpaka Senegali au Gambia ni kama kilomita 5,000, anazifuata bila kufundishwa. Akifika anakaa Afrika mwaka mzima na zaidi, ndipo akiwa na miaka miwili au mitatu anarudi kaskazini.

Mama pale nyuma anauliza kwa nini Wazungu waweke kamera kwa ndege. Swali zuri, na jibu lake ni la huzuni. Kamera zilianza kama ulinzi. Uingereza waliwaua furukombe wao kwa bunduki na kwa kuiba mayai. Inahesabiwa kwamba waliotaga mwisho ni wa 1916. Mwaka 1954 jozi moja ikarudi Uskoti, Loch Garten. Watu wakajitolea kulinda kiota usiku na mchana, na bado mwaka 1958 mwizi alipanda mti gizani akachukua mayai. Mwaka uliofuata wakaamua kufanya kinyume cha kuficha: wakafungua mahali pa watu kuja kutazama. Maelfu wakaja. Kiota chenye macho elfu juu yake ni vigumu kukiibia. Kamera za leo ni mtoto wa uamuzi ule. Wala haijakwisha: mwaka 2021, kwenye ziwa la Llyn Brenig huko Wales, mtu alikuja usiku akakata nguzo ya kiota kwa msumeno wa mashine, yai likiwa tayari limetagwa.

Habari ninayotaka kuikalia ni ya kiota kingine cha Wales, kwenye mto Dyfi. Mwaka 2012 dume Monty na jike Nora walikuwa na vifaranga watatu. Ikaja mvua na upepo mwezi wa sita, dume hakuweza kuvua, na watazamaji wakaona vifaranga wawili wakifa. Wa tatu alikuwa anaelekea huko huko. Walinzi wana kanuni ya kutoingilia. Siku hiyo waliingilia: walipanda kiotani, wakamlisha samaki kwa mkono, wakamrudisha kwa mama yake. Akapona. Wakamwita Ceulan, wakamfunga kifaa kidogo mgongoni cha kuonyesha alipo. Akaruka, akavuka bahari, akavuka jangwa, akafika Senegali. Kabla mwaka haujakwisha akafa huko, amenaswa wavuni.

Nimewasimulia wavuvi wawili watatu habari hii, na kila mara wananyamaza. Mzee mmoja wa Nguba aliniambia, "Mwalimu, kwenye nyavu zangu nimeshatoa ndege. Sikujua walitoka nyumbani kwa mtu." Simlaumu aliyetega wavu ule Senegali. Naye alikuwa anatafuta samaki kwa ajili ya watoto wake, kama Monty.

Jambo lililonileta mbele yenu ni hili. Kule wanamtazama ndege huyu miezi mitano, saa 24, hata usiku kwa kamera inayoona gizani. Wanajua samaki wangapi, saa ngapi, nani kala. Kisha kiota kinabaki kitupu, kamera inaonyesha matawi na mvua, na wao hawana la kufanya ila kungoja. Hiyo miezi mingine, ndege yuko mbele yetu. Sisi ndio tunaoona nusu iliyobaki, nasi hatujaiandika mahali popote.

Wa Manton Bay si wa kwetu, hilo lieleweke. Wa Uingereza wengi wanaishia Afrika Magharibi. Wanaofika upande wetu ni wale wanaotaga mashariki zaidi, Finland, Urusi na nchi za jirani, ambao husambaa mashariki, katikati na hata kusini mwa bara hili. Finland na Estonia nao wana kamera za viota, na msimu ujao nitazifuata hizo, maana huenda mmoja wa vifaranga wale akapita juu ya kisiwa chetu cha Idjwi.

Kwa hiyo wazee, nina maombi, nayo ni machache. Sambaza, dagaa wetu, ni wadogo mno kwake; yeye anamtaka tilapia wa ukingoni, kwa hiyo mtamkuta karibu na nyavu za pwani kuliko kwenye taa zenu za usiku. Akinaswa, mfunikeni kichwa kwa kitambaa atulie, shikeni miguu kwanza, kisha kateni uzi. Tazameni miguu yote miwili. Akiwa na pete, someni kilichoandikwa, na mkiwa na simu pigeni picha, mniletee. Mwandishi wa pete hiyo yuko mahali anangoja. Akiwa amekufa, pia nileteeni habari. Hakuna atakayewaandama kwa kusema kweli.

Na ninyi wanafunzi, nimeleta daftari moja, jipya. Ukurasa wa kwanza una tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, alikuwa anafanya nini. Hauna hata mstari mmoja uliojazwa. Wiki hii nilifungua kamera nikaona majike wameanza kuondoka. Mwezi wa kumi, kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaanza, nitakuwa kando ya ziwa pale Nguba. Darubini ninayo moja, tutapokezana.