Kifuu Kimoja, Miaka Minne

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Mama zangu, baba zangu, na nyie bibi zangu mliokaa mkekani pale nyuma, ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmeacha korosho juani.

Gunia hili mnaloliona lina vifuu. Ni vilevile ambavyo kila nyumba hapa Mikindani, Mtwara, huvitia jikoni baada ya kukuna nazi. Leo nawaomba viwili visiende motoni, tuvifanye vitu vya kuchezea watoto.

Chagua nazi iliyopasuka sawa katikati. Ukishaikuna, kwangua nyama yote iliyobaki, la sivyo itachacha na kuita sisimizi. Kwangua na zile nyuzi za nje, kwa sababu kila utakachompa mtoto kitaingia mdomoni. Chemsha, anika. Halafu ukingo, na hapa msiwe na haraka. Pitisha kidole taratibu kuuzunguka wote. Palipokukwaruza wewe patamchana yeye. Sugua kwenye jiwe la kunolea visu, malizia kwa msasa, kisha pitisha kidole tena.

Mtoto wa miezi 7 hivi mpe vyote viwili. Atavigonganisha, kwo! kwo!, atasimama, atakutazama, atagonga tena. Mlio ule kaufanya yeye, na ameshajua kwamba ni yeye. Akifika miezi 8 au 9, funika limau kwa kifuu huku anaona. Zamani kidogo, kitu kilichofichwa kwake kilikuwa kimekwisha, sasa atakifunua. Usimsaidie upesi. Mwache akunje uso wake, afikiri.

Wa mwaka na nusu atachota mchanga na kuumwaga asubuhi nzima. Wa miaka 2 mpe ile nusu yenye macho. Nazi ina macho matatu na moja ni laini. Litoboe hilo, umwekee beseni la maji. Atachota, atainua, atatazama matone yanavyodondoka. Ataziba tundu kwa kidole, ataachia, ataziba tena. Naona bibi anatikisa kichwa. Ndiyo, bibi, kaa naye palepale: hata maji ya kina kifupi yanamzamisha mtoto. Akitimiza miaka 4, pitisha kamba kwenye vifuu viwili vikubwa, avikanyage atembee navyo, kama tulivyotembea sisi.

Sasa linganisheni na simu tunayomshikisha ili anyamaze. Simu inacheza, mtoto anatazama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: aliye chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Mimi nina kipimo changu ninapotazama kitu cha kuchezea: kati ya kitu na mtoto, nani anafanya kazi? Kama ni kitu, kirudishe dukani.

Kayamba nitazipitia haraka. Chupa ndogo mbili za maji, kavu kabisa ndani. Moja tia mahindi, nyingine ufuta. Ya mahindi inapiga kelele, ya ufuta inanong'ona, na mtoto atageuza shingo kuzitafuta zote mbili. Kifuniko ndicho cha hatari: kikifunguka kitamkaba. Kitie gundi, kisha kizungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi wewe mwenyewe ushindwe kukifungua. Kila jioni kikague.

Kitu kimoja msikitie kwenye kayamba wala msimpe mtoto mkononi: korosho ghafi. Msimu wa juzi mjukuu wangu aliokota moja chini ya mti akaing'ata. Wabanguaji mnayajua mafuta ya ganda lile yanavyobabua vidole. Kwake yalibabua midomo. Alilia usiku kucha, na mimi ndiye niliyekuwa nimeachiwa nimwangalie. Kwa hiyo nasema kwa uchungu: zoa uani kabla hujamshusha mtoto. Zoa na betri zile bapa za saa na rimoti. Ikimezwa ikakwama kooni, inaunguza ndani kwa muda wa saa 2 tu. Usisubiri kuona dalili, mkimbize hospitali.

Kina baba, nimesikia mmoja akisema kule pembeni, "Huko ni kucheza tu." Baba yangu, programu ya taifa ya malezi iliyozinduliwa Desemba 2021 imeweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya na lishe. Uji unampa, na kucheza mpe. Nyie ndio mliosokota mipira ya mifuko ya nailoni utotoni. Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kwa mtoto mdogo ni afadhali, maana nailoni inaziba pumzi. Sokoteni matambara ya kanga, yatieni kwenye soksi, shoneni mdomo kwa uzi imara. Na mwenye jirani seremala aombe vipande vya mbao, avipige msasa na kuviacha bila rangi. Rangi nyingine za mafuta zina madini ya risasi.

Maswali tutajibizana huku mikono inafanya kazi. Msasa uko kwenye ndoo ya bluu, umetosha kila watu wawili kipande kimoja. Chukueni vifuu, muanze na ukingo.