Mpira Ukiwa Bado Unapanda: Mhadhara Kuhusu R. Norris Williams

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mchezaji mmoja wa tenisi wa zamani, nami nimemchagua Richard Norris Williams, Mmarekani aliyezaliwa Geneva, Uswisi, tarehe 29 Januari 1891. Wengi wanaomjua wanamjua kwa sababu ya meli. Nitaieleza, maana nisipoieleza mtaniuliza tu. Ila mimi nimekuja kwa ajili ya raketi.

Haya, meli. Aprili 1912 kijana huyu ana miaka 21, anakwenda Marekani na baba yake, Charles, kucheza mashindano ya kiangazi kisha aingie Chuo Kikuu cha Harvard. Wakapanda Titanic kule Cherbourg. Huyo baba ndiye aliyemfundisha tenisi, kwa hiyo usiku ule hakupotelewa na mzazi peke yake; alipotelewa na mwalimu pia. Meli ilipokuwa inazama, dohani moja ilianguka ikamuua mzee. Mwana akaogelea hadi kwenye mashua ya kuokolea yenye kuta za turubai, iliyokuwa imejaa maji, akakaa humo kwa saa kadhaa maji ya barafu yakiwa magotini. Walioanza naye wengi walikufa pale pale.

Meli ya Carpathia ilipowaokoa, daktari akaitazama miguu yake akashauri ikatwe. Kijana akakataa. Akaanza kutembea juu ya sitaha: kila baada ya saa mbili anaamka, anatembea, anarudi kulala, usiku na mchana, mpaka New York. Kama umewahi kukalia mguu ukafa ganzi, ukakumbuka zile sindano unapousimamisha, basi zidisha mara nyingi.

Miguu ikapona. Mwaka huo huo wa 1912 akawa bingwa wa Marekani katika mchezo wa mwanamume na mwanamke, akiwa na Mary Browne. Na huko Longwood, Boston, akakutana uwanjani na Karl Behr. Behr naye alikuwa amenusurika Titanic! Mechi ilikuwa ya seti tano, yaani sehemu tano zenye gemu kadhaa kila moja, na wa kwanza kuchukua tatu ndiye mshindi. Williams akachukua seti mbili za kwanza, kisha Behr akageuza mambo, akashinda katika seti ya 5. Miaka miwili baadaye walikutana tena, safari hii Williams akalipa kisasi.

Basi, tufike kwenye mchezo wenyewe. Naomba nishike raketi hii. Mchezaji wa kawaida, mpira ukidunda mbele yake, anarudi hatua moja au mbili. Anauacha upande, ufike kileleni, uanze kushuka, ndipo anaupiga ukiwa usawa wa kiuno. Ndivyo tulivyofundishwa sote, na ni salama. Williams alikuwa anausogelea. Anaupiga ukiwa bado unapanda, pengine papo hapo unapoiacha nyasi, hapa, karibu na kifundo cha mguu. Faida yake ni kwamba unamnyang'anya mwenzako muda: yeye bado anajipanga, mpira umesharudi. Hasara yake ni kwamba ukichelewa kidogo tu, unaugonga kwa ubao wa ukingo wa raketi. Na raketi za enzi zile zilikuwa za mbao, uso wake mdogo, hazisamehi.

Tena hakuwa mtu wa kuusokota mpira ili upite juu ya wavu kwa nafasi kubwa. Aliunyoosha, akilenga mstari wenyewe. Siku mkono ukikubali, hakuna wa kumgusa. Siku ukikataa, anafungwa na mtu yeyote, na habadilishi mchezo hata akiona jahazi linazama. (Samahani, si mfano mzuri kwa mtu huyu.)

Tazameni mwaka 1914. Mwezi Agosti, katika Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa, anapoteza mechi zake zote mbili za mchezaji mmoja mmoja, kwa Wilding wa New Zealand na Brookes wa Australia. Upande wa Marekani nyota ni Maurice McLoughlin wa California, mwenye mpira wa kuanzisha kama radi, aliyemfunga Brookes seti ya kwanza kwa 17–15. Wiki chache baadaye, fainali ya ubingwa wa Marekani pale Newport: Williams dhidi ya huyo huyo McLoughlin. Matokeo: 6–3, 8–6, 10–8, kwa Williams. Seti tatu, hakuna ya nne.

Ya 1916 ndiyo naipenda zaidi. Fainali Forest Hills, mpinzani Bill Johnston: 4–6, 6–4, 0–6, 6–2, 6–4. Hebu iangalieni ile sifuri. Anapoteza seti ya tatu bila kupata hata gemu moja, kisha anachukua mbili zilizobaki na ubingwa.

Wapo wanaosema alicheza hivyo kwa sababu alishayaona mauti, hivyo mpira wa nje haukumtisha. Maneno matamu, lakini siyaamini. Mchezo ule alikuja nao kutoka Uswisi, alikofundishwa na mzee wake.

Vita Kuu ikaja, akatumikia jeshi la Marekani nchini Ufaransa, akarudi na nishani za Wafaransa. 1920 akashinda Wimbledon kwa wachezaji wawili wawili, na Chuck Garland. Kombe la Davis alilipata mara kadhaa.

Kisha Olimpiki ya Paris, 1924. Ana miaka 33, anacheza na Hazel Wightman, mama wa watoto aliyemzidi miaka minne, na kifundo cha mguu kimeteguka. Miguu ile ile! Akataka wajitoe. Wightman akamwambia asimame wavuni, kukimbia amwachie yeye. Wakawafunga Wamarekani wenzao, Vincent Richards na Marion Jessup, 6–2, 6–3, wakapata dhahabu.

Baada ya hapo tenisi ikatolewa kwenye Olimpiki. Ikarudi rasmi 1988, lakini mchezo wa mwanamume na mwanamke ukasubiri mpaka London, 2012. Williams alifariki tarehe 2 Juni 1968, na hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amekuja kumpokonya dhahabu ile.

Haya, raketi hii hapa. Anayetaka kujaribu kuupiga unapopanda, apite mbele.