Uliza Meli Inapakia Wapi: Chakula cha Kienyeji na Meza za Melini

Shikamooni wazee, na habari za jioni ndugu zangu wa Moshi na mliopanda magari kutoka Arusha. Humu ukumbini wamo wapishi wa mlimani, wamo wanafunzi wa hoteli, na wamo baba na mama ambao watoto wao wamewakatia tiketi ya meli ya kitalii na swali lao ni moja: huko tutakula nini? Nitasema na wote kwa pamoja, kwa sababu jibu lenyewe wapishi wa mlimani wanalo tayari, ila hawajaliona likiwa limevaa nguo za baharini.

Mpishi anayepeleka wageni Kilimanjaro kwa njia ya Machame kwa siku saba hapangi menyu kambini. Anaipanga chini, kabla ya geti. Anajua mzigo wa mpagazi ni kilo 20. Anajua nyama italiwa siku za mwanzo, mchicha utafuata, na kabichi, karoti na viazi ndivyo vitakavyofika kambi ya Barafu. Anajua Barafu hakuna maji, yatabebwa kutoka kambi ya Karanga. Mgeni akikaa kambi ya Shira akauliza mbona hakuna samaki mbichi, hajakosea kuuliza, lakini jibu lake liliamuliwa juzi sokoni.

Meli ni hivyo hivyo. Kinachopikwa kimepakiwa kwenye bandari ya kuanzia safari, siku ile abiria wa zamani wanashuka na wapya wanapanda. Nchi inayoonekana dirishani haina uhusiano mkubwa na kilichomo kwenye vyumba vya baridi chini ya sitaha. Meli inawazidi wa mlimani kwa jambo moja: maji inajitengenezea yenyewe kutoka baharini. Nao wa mlimani wanaizidi kwa jambo jingine, wana moto. Jiko la meli ya kitalii halina moto wa wazi, ni umeme mtupu, kwa sababu baharini moto ukiwaka hakuna pa kukimbilia. Kwa hiyo nyama choma ile tunayoijua sisi, ya mkaa na moshi, msiitegemee. Mtaletewa kitu chenye mistari ya chuma juu yake.

Sasa tupige hesabu. Meli kubwa za Karibiani zinazoondoka Miami zinabeba watu wengi ajabu. Icon of the Seas, iliyoanza safari 2024, ikijaa kabisa inachukua abiria 7,600 na wafanyakazi wapatao 2,350. Tuchukue ndogo zaidi, ya abiria 5,000. Jioni moja nahodha wa jiko anataka kila mmoja apate kipande cha samaki cha gramu 150. Hizo ni kilo 750 za mnofu mtupu. Ukihesabu kichwa, mifupa na ngozi, unatafuta kama tani moja na nusu ya samaki mzima. Nenda Mbuyuni alfajiri, uombe tani moja na nusu ya sangara, wote wa ukubwa mmoja, wenye karatasi za kuonyesha walivuliwa wapi, waliokaa kwenye barafu bila kukatika, na wawe gatini kabla ya saa mbili asubuhi. Soko zima litakucheka. Mvuvi wa kisiwa cha Karibiani naye atakucheka vilevile, na ndiyo maana meli imetia nanga mbele ya kijiji chake huku ikipika samaki aliyegandishwa aliyetoka mbali.

Kwa hiyo kwenye meli ya namna hiyo chakula cha kienyeji mtakiona kwa sura ya viungo. Kuku yuleyule leo ni wa Jamaika, kesho ni wa Meksiko, kesho kutwa ni wa Italia. Si ulaghai. Ni mpishi anayefanya kazi na stoo aliyopewa, na wengine wanaifanya vizuri sana. Ila mtu asirudi nyumbani akasema amekula chakula cha Cozumel, kisiwa cha Meksiko, kama hakushuka Cozumel.

Swali la kumuuliza wakala kabla ya kulipa, basi, haliwi «chakula ni kizuri?» Kila wakala atasema kizuri. Uliza: meli inabeba watu wangapi, na inapakia wapi? Watu wakipungua na bandari zikikaribiana, chakula cha mahali kinaongezeka.

Mfano ninaoupenda ni pwani ya Norway. Kuna njia ya meli iliyoanza 1893, leo inatoka Bergen hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, bandari 34, siku 12 kwenda na kurudi. Meli zake hubeba abiria mia kadhaa tu, pamoja na mizigo na wenyeji wanaoshuka bandari ya pili. Kwa sababu inagusa gati mara nyingi kwa siku, jiko linaweza kupokea samaki, jibini na mboga njiani. Hapo ndipo menyu inaanza kufuata ramani.

Asubuhi ni bafe. Mtakuta samaki wadogo wa sild waliolowekwa kwenye siki na sukari, mayai ya kuchemsha, mikate mikavu myembamba, na kipande cha rangi ya kahawia kinachofanana na sabuni ya mche. Hicho ni brunost. Hutengenezwa kwa kuchemsha maji yanayobaki baada ya maziwa kuganda, mara nyingi pamoja na malai, kwa saa nyingi, mpaka sukari ya maziwa iungue kidogo na kuwa kahawia. Ladha yake ni tamu yenye chumvi kwa mbali. Wageni wengi wanakosea hapa: wanakata pande nene kama jibini ya kawaida, wanalitafuna, wanaliacha sahanini. Kuna kisu chake maalumu chenye mwanya katikati, unakivuta juu ya jibini kama seremala anavyovuta randa, kinatoka kipande chembamba kinachokaribia kupitisha mwanga. Kipande kimoja juu ya mkate, basi. Mkinielewa hapo mmeokoa kifungua kinywa chote.

Mchana mara nyingi ni bafe tena au sahani chache za kuchagua, na jioni mnakaa mezani mnahudumiwa sahani tatu: kitangulizi, chakula chenyewe, kitamu. Samaki mkuu ni torsk, yule Waingereza wanayemwita cod. Kuanzia Januari hadi Aprili torsk wakubwa wanashuka kutoka bahari ya Barents kuja kuzaa kwenye visiwa vya Lofoten, na huyo wa msimu anaitwa skrei. Mnofu wake mweupe, unaachia kwa mapande. Mkisafiri miezi hiyo mtamkuta mbichi. Mkisafiri Julai mtapewa torsk pia, lakini si huyo.

Sasa wapwani mtakaonisikia mtafurahi: Lofoten wana ng'onda wao. Wanaita tørrfisk. Samaki anatolewa kichwa na matumbo, wawili wanafungwa mikia pamoja, wananing'inizwa juu ya vichanja vya miti kuanzia Februari hadi Mei. Chumvi hakuna, ndipo anapotofautiana na wa kwetu. Kinachomkausha ni upepo, na joto linalozunguka sifuri. Baridi ikizidi, barafu inapasua nyama na samaki anakuwa kama pamba. Joto likija mapema, nzi wanafika kabla hajakauka. Lofoten imekaa pale katikati, na ndiyo maana wanaweza. Samaki huyo akikauka anakuwa mgumu kama kuni, na mnunuzi wake mkubwa Afrika ni Nigeria.

Kwa mpishi wa meli kazi iko kwenye kumlainisha. Tørrfisk anahitaji kulowekwa karibu wiki nzima katika maji baridi yanayobadilishwa kila siku, ndani ya friji. Kwa hiyo ukimla siku ya nne ya safari, jua kwamba alianza kulowekwa kabla wewe hujapanda. Jiko likikatisha siku, katikati panabaki kiini kigumu chenye harufu kali, na mgeni analaumu samaki. Wanafunzi wa hoteli, mliandike hilo. Lawama ni ya ratiba.

Mbele zaidi, Finnmark, kaskazini kabisa ya Norway, mtakutana na kaa mfalme, yule mwenye miguu mirefu kama mwamvuli. Si mwenyeji wa bahari ile: wanasayansi wa Kisovieti walimpeleka bahari ya Barents miaka ya 1960, akazaana akavuka mpaka. Ni ghali, hivyo mara nyingi anauzwa kama ziada au kwenye matembezi ya nchi kavu, msidhani yumo kwenye nauli. Kuna pia nyama ya kulungu wa kaskazini anayefugwa na Wasami, wenyeji wa kaskazini ile, haina mafuta mengi, na ikiiva kupita kiasi inakauka mdomoni. Na wanaporudi kusini, meli ikivuka mstari wa Aktiki, abiria hupewa kijiko cha mafuta ya ini la torsk. Shikeni pumzi, mmeze.

Mto Nile nitaupitia haraka. Meli za Luxor hadi Aswan hubeba abiria mia moja na kitu na hulala zimefungwa mjini, kwa hiyo mboga na mkate viko karibu. Tegemeeni ful, yaani maharage yaliyopikwa yakalainika, molokhia ambayo ni mlenda wa kwetu kwa jina jingine, tahini ya ufuta uliosagwa, na karkadeh, ambayo mkiionja mtasema hii si rosela? Ndiyo, ni rosela. Milo yote imo kwenye bei, vinywaji havimo. Kachumbari na barafu za kwenye glasi ndivyo vinavyowaangusha watu, si kitoweo kilichochemka.

Nirudi kwenye meli kubwa, kwenye mambo ya mezani yanayowaharibia watu safari. La kwanza ni saa ya chakula cha jioni. Ukumbi mkuu mara nyingi una mikupuo miwili, mmoja kama saa kumi na mbili jioni na mwingine kama saa mbili na robo usiku. Unachagua unapokata tiketi. Usipochagua utapangiwa, na mkupuo wa mapema utakukuta bado unatembea mjini. Migahawa midogo ya ndani, ile ya nyama au ya Kijapani, inalipiwa zaidi na inajaa siku ya kwanza kabla watu hawajafungua mabegi. Vinywaji huongezewa asilimia 18 hadi 20 ya huduma, na meli nyingi hukata bakshishi ya kila siku kwa kila mtu, hata mtoto. Wa mlimani mnajua mgeni anavyokunja uso akiletewa karatasi ya tipu siku ya mwisho. Na ninyi mtakunja wenu. Isomeni kabla.

Mwenye mwiko wa chakula asingoje afike mezani. Mwislamu, Msabato, mwenye mzio wa karanga: andikeni wakati wa kukata tiketi, wiki kadhaa kabla, kisha usiku wa kwanza mwambieni tena mkuu wa wahudumu. Atawaletea menyu ya kesho jioni hii, mchague, jiko litenge. Kusema «sili nguruwe» peke yake hakutoshi. Ulizeni mchuzi umetiwa mvinyo? Kitamu kimegandishwa kwa jelatini ya nini? Supu ya samaki imeanza na maganda ya kamba? Msabato anaweza kuacha kamba sahanini huku supu yote ni kamba.

Sasa usafi, hapa nitakaa kidogo. Meli za kimataifa zinazogusa bandari za Marekani hukaguliwa kwa alama 100, na chini ya 86 zimeanguka. Chakula cha baridi kikae nyuzi 5 au chini yake, cha moto 57 au zaidi. Kilichopikwa kikipozwa, kitoke 57 kifike 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 ndani ya saa nne nyingine. Wanafunzi mara nyingi wanashindwa hapo pa saa mbili, kwa sababu wanaingiza sufuria zima la lita 20 kwenye friji. Katikati panabaki moto usiku kucha. Gawa kwenye trei za kina kifupi, vidole vitatu hivi.

Lakini kinachoangusha meli nyingi hakitoki jikoni. Ni norovirusi, inasafiri kwa mikono, na kijiko cha bafe kinashikwa na mikono elfu. Ile dawa ya spiriti mnayopuliziwa mlangoni haiiwezi vizuri. Maji na sabuni, sekunde 20, kabla ya kushika sahani. Mkiona siku moja mhudumu amekataza abiria kujipakulia na anapakua yeye, msione mmedharauliwa. Kuna watu wameanza kutapika.

Nimeletewa karatasi hapa: «Je, ugali upo?» Kwenye mesi ya wafanyakazi, ambako wengi ni Wafilipino na Wahindi, mfalme ni wali. Kwa abiria, mahindi yatakuja kama polenta, laini, na jibini juu. Omba kisitiwe jibini na kiachwe motoni zaidi. Mpishi mwema atakuelewa.

Na nyingine: «Matunda ya bafe naweza kuweka begi nikashuka nayo?» Kula humo humo. New Zealand, tufaha moja lililosahaulika ndani ya begi bila kutajwa ni faini ya dola 400 za kwao, papo hapo gatini.