Pima Mia Moja Chini ya Mashua: Silikanti wa Malindi

SAUMU: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, mlioko Malindi na mlioko mbali nasi. Mimi ni Saumu. Leo tumeanza kwa kuchelewa nusu saa, kwa sababu nduyangu Athmani alikuwa makumbusho akitazama samaki aliyekufa.

ATHMANI: Sikuchelewa, nilikuwa kazini! Si wewe uliyenituma? "Kamtazame silikanti kwanza, usije ukaropoka." Haya, nimekwenda. Mlango ule nimeupita tangu niko chuoni kwa maalimu, na leo ndiyo mara ya kwanza kuingia.

SAUMU: Ukamwonaje?

ATHMANI: Mkubwa, dada! Nilitarajia kitu kama chewa, kumbe ni kimo cha mtu. Magamba kama vigae. Na yale mapezi, mimi nayaita vijimkono: kwanza kuna mkonga wa nyama, kisha ndiyo pezi linaanza. Lakini rangi imemtoka, amekuwa kama gogo lililokaa juani.

SAUMU: Hiyo ni dawa ya kumhifadhi. Akiwa hai ni buluu iliyokoza, ana mabaka meupe. Huyo wetu alinaswa na trola, meli ya kukokota wavu, mwaka 2001, hapa hapa mbele ya Malindi, na ndiye silikanti wa kwanza kujulikana Kenya.

ATHMANI: Sasa kuna mzee mmoja pale nje akaniambia samaki yule ana miaka milioni mia kadhaa. Nikamuuliza, yule yule?

SAUMU: (anacheka) Ukoo wake, Athmani! Wataalamu walikuwa wakimjua kwa visukuku tu, alama zilizobaki kwenye mawe. Wakakata shauri kwamba ukoo mzima ulikwisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mpaka Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, mwanamke aliyekuwa akisimamia makumbusho ya mji, Marjorie Courtenay-Latimer, akaitwa bandarini atazame samaki wa trola. Akaona pezi la buluu limechomoza kwenye fungu. Akampeleka makumbusho kwa teksi.

ATHMANI: Kwa teksi! Desemba, Afrika Kusini, jua la kiangazi. Dereva akakubali?

SAUMU: Alinung'unika, akakubali. Lakini hapakuwa na friji ya kumtosha samaki yule. Alipofika mtaalamu, J.L.B. Smith, matumbo yalikuwa yameshaoza na kutupwa. Akampa samaki jina la yule bibi, Latimeria, kisha akaanza kumtafuta wa pili. Miaka 14! Alichapisha karatasi zenye picha, zawadi pauni 100, zikasambazwa pwani yote hii. Unajua ziliandikwa kwa lugha gani?

ATHMANI: Kiingereza, basi.

SAUMU: Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

ATHMANI: Na Kiswahili?

SAUMU: Hakuna. Kikomoro hakuna.

ATHMANI: Ala! Unamtafuta samaki wa wavuvi, halafu huwaulizi wavuvi kwa lugha yao? Ndiyo maana ikachukua miaka 14.

SAUMU: Hapo sibishani nawe. Na hiyo karatasi ilifika Komoro kwa njia ya Unguja. Smith alikutana pale na nahodha mmoja mfanyabiashara, Eric Hunt, aliyekuwa akienda na kurudi visiwa vile. Desemba 1952 mvuvi wa Anjouan, Ahamadi Abdallah, akamvua silikanti kwa mshipi wa mkono, na Hunt akampelekea Smith simu ya maandishi. Serikali ya Afrika Kusini ikatoa ndege ya jeshi ikamchukue samaki. Na Wakomoro wakaustaajabia mshangao ule wa Wazungu, maana wao walikuwa na jina lake siku zote: gombessa. Wanamvua mara moja moja, na kumla si mtamu, mafuta tele.

ATHMANI: Basi hawakugundua kitu. Waliambiwa.

SAUMU: Ngoja kidogo. Mvuvi alimjua akiwa juu ya maji, anakufa. Anavyoishi, hakuna aliyejua. Mwaka 1987 Hans Fricke, Mjerumani, aliteremka kwa nyambizi ndogo Komoro na kumpiga picha akiwa kwake. Mchana wamejibanza pangoni, usiku wanatoka kuwinda. Wanakwenda taratibu na mkondo, na vile vijimkono vyako vinapishana, wa kulia mbele na wa kushoto nyuma, kama mnyama anayetembea. Wakati mwingine anasimama kichwa chini mkia juu!

ATHMANI: Na hapo ni kina gani?

SAUMU: Mapango yale ni kama mita 150 hadi 250.

ATHMANI: Niweke kwa pima. Pima moja tuseme mita moja na nukta nane. Basi ni kama pima themanini na kitu hadi mia na arobaini hivi. Dada, hiyo si mbali! Mshipi wa marehemu babu yangu ulikuwa na pima mia na ishirini. Mimi nilidhani unaniletea habari za kilindi kisicho na mwisho.

SAUMU: Ndilo lililonifanya nikutume. Tukisikia kilindi tunafikiria Mariana, Pasifiki huko, penye kina kuliko bahari zote. Meli ya Challenger, Mwingereza, 1875, ilitia bildi huko, kamba na uzito, kama nahodha yeyote wa jahazi, ikapata pima 4,475. Halafu 1960 Jacques Piccard na Don Walsh wakateremka wenyewe kwa chombo Trieste, karibu kilomita 11. Sawa, ni mambo makubwa. Lakini kiza kinaanza karibu sana nasi. Kupita mita 200 mwanga hautoshi mmea kuishi.

ATHMANI: Na uzito wa maji? Maana chewa wa kina kirefu ukimvuta haraka, tumbo linamtokea mdomoni.

SAUMU: Ni tumbo kweli, lakini limesukumwa na kifuko chake cha hewa. Kila mita 10 shinikizo linaongezeka kama lile la hewa yote iliyo juu yetu. Ukimpandisha, shinikizo linapungua, hewa inafura. Silikanti hafuri hivyo, kifuko chake kimejaa mafuta. Huyo anauawa zaidi na joto la maji ya juu na kuchoka.

ATHMANI: Na huko chini kabisa, kilomita mbili, tatu, wanakula nini bila jua?

SAUMU: Wengi wanangoja makombo yanayodondoka kutoka juu. Lakini 1977, karibu na Galápagos, nyambizi Alvin ikakuta chemchemi za moto sakafuni, na viumbe wamejazana. Kule chakula kinaanza na bakteria wanaotumia gesi ile yenye harufu ya mayai viza, si jua. Safari yenyewe ilikuwa ya wanajiolojia, hata mwanabiolojia hawakuwa naye. Viumbe vingine vikahifadhiwa kwa vodka.

ATHMANI: Astaghfirullah! (anacheka)

SAUMU: Na Bahari ya Hindi yetu ina chemchemi zake. Katika moja, Kairei, mashariki ya Madagaska mbali huko, mwaka 2001 alipatikana konokono ambaye mguu wake una magamba yenye madini ya chuma. Amevaa deraya! Mwaka 2019 akaandikwa miongoni mwa walio hatarini, kwa sababu ya watu wanaotaka kuchimba madini pale.

ATHMANI: Hata hatujamzoea!

SAUMU: Silikanti naye ni hivyo hivyo. Watafiti walipotazama upya magamba yake, 2021, walikadiria kwamba anafika miaka mia, na mimba yake ni kama miaka mitano. Anazaa watoto hai. Tanga wananaswa kwenye jarife za papa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukimtoa mmoja mwenye mimba, piga hesabu.

ATHMANI: Jana usiku nilimweleza ami yangu. Amevua miaka arobaini, anajua miamba kwa alama za nchi kavu, mnazi huu na mnara ule. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kumbe nimempita juu mara ngapi?"

SAUMU: Ukamjibu nini?

ATHMANI: Nilimwambia nitakuuliza wewe.

SAUMU: Mimi? Mimi hata mshipi sijashika! Hebu sikia, adhana hiyo ya magharibi. Zima mashine, Athmani.